Hiace Bila Abiria

Fundi aliishika pedi ya gemu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa ampakate mtoto wa mwenziwe asiyevaa nepi.

Ilikuwa yapata saa tatu na nusu usiku. Mvua ya masika ilikuwa imetufungia ndani ya chumba cha gemu, Majengo, Mombasa, na vijana wa mpira walikuwa wamechoka kufungana mabao. Kwenye skrini ya mwisho, ile yenye mstari wa kijani pembeni ambao mwenye chumba anaahidi kuutengeneza tangu mwaka jana, Toyota Hiace nyeupe ilikuwa ikinguruma mstarini. Mpwa wangu ndiye aliyemchagulia. Fundi huyu riziki yake yote ni Hiace. Asubuhi mpaka magharibi yuko chini ya matatu za watu, na matatu ikipita nje yeye akiwa ndani anakunywa chai, atakwambia beringi ya gurudumu gani inalia.

Akakanyaga mafuta. Akaikata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya kwenye mbio: akasimama. Katikati ya barabara, magari ya kompyuta yakimpita kushoto na kulia, yeye amekodoa macho.

"Hii si Hiace," akasema.

"Ndiyo hiyo, ami. Jina si lile pale?"

"Jina ni lake. Mwendo si wake."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mvua ilipopungua nikaruka madimbwi mpaka stejini, nikapanda matatu ya Kisauni. Hiace, bila shaka. Nikapata kiti cha nyuma kabisa, goti limebanwa na gunia la mtu. Tulipopanda Daraja la Nyali upepo ukatupiga ubavuni, gari likayumba, dereva akalirudisha kwa usukani uliozunguka robo nzima kabla magurudumu hayajasikia.

Hapo kicheko kikaniisha.

Ni wiki ya sita sasa, na bado namjibu fundi kichwani.

## Upande wangu

Mabishano ya chumba chetu ni ya zamani, kwa hivyo sitayarudia yote. Wako wanaotaka gemu ya mbio iwe na magari yaliyopo duniani tu, yaliyopimwa yakapimika. Wako wanaofurahia magari ya dhana, yale yaliyochorwa lakini hayajawahi kuwekwa mafuta. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa imamu wa kundi la kwanza. Mtu akichagua gari la dhana nilikuwa namuuliza, "Na hilo utalipitishia bandari gani?"

Kejeli hiyo ina asili yake. Kazi yangu ni kutoa magari bandarini. Nayajua magari kwa namba ya chesisi, ukubwa wa injini, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Gari lisilo na karatasi, kwangu mimi, ni hadithi.

Ugomvi wangu na Gran Turismo, gemu ya mbio tunayoicheza chumbani, ulianza na sehemu ya sita. Mwaka 2013 Kazunori Yamauchi, mbunifu wa gemu hiyo, na watu wake wa kampuni ya Polyphony Digital waliwaomba watengenezaji wa magari wachore magari maalumu kwa ajili ya gemu, mradi wakauita Vision Gran Turismo. Mercedes-Benz ndio waliotangulia, wakafuata wengine mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni sikujali, maana sehemu ya sita ilikuwa na magari yapatayo 1,200. Kwenye bahari hiyo, samaki wawili watatu wa plastiki hawamdhuru mtu. Lakini Gran Turismo Sport ilipotoka mwaka 2017, orodha ilikuwa imepukutika ikabaki magari mia moja na sitini hivi. Magari niliyokua nayo hayamo. Ya dhana yamo, yamejipanga, yanang'aa.

Niliona kama kuingia dukani ukakuta unga na sukari vimeondolewa rafuni, pamebaki maua ya karatasi.

Mpwa wangu naye akalipenda lile lililonikera kuliko yote: Chaparral 2X la Chevrolet, lililoonyeshwa mwaka 2014. Dereva wake hakai. Analala kifudifudi, kichwa mbele, mikono na miguu imetanuliwa, kama mtu aliyejitupa kwenye maji pale Mama Ngina. Na halisukumwi na injini mnayoijua. Linasukumwa na leza.

"Leza," nilikuwa nikimwambia. "Si useme tu linasukumwa na majini."

"Mjomba, umelijaribu?"

"Sihitaji."

Sikulijaribu kwa miaka. Hilo nalo naliweka hapa mlijue.

## Mashtaka

Siku ya pili yake nikapita gereji. Nilikuwa na kisingizio cha breki, lakini nilichotaka ni fundi anieleze. Alikuwa ametoa boksi la gia la matatu moja, amelilaza juu ya gunia, mafuta meusi yanadondoka kwenye kopo la rangi. Hakuacha kazi. Alinieleza huku mkono mmoja umo ndani ya chuma hadi kwenye kiwiko.

"Gari ile ni nyepesi," alisema. "Hiace yenye watu huwezi kuishika breki ikasimama pale pale. Unashika, inaanza kusimama, halafu watu wanakuja. Waelewa? Uzito unachelewa. Wewe umeshasimama, abiria bado wanakuja."

Akatoa mkono, akaupangusa kwa tambara, akaurudisha.

"Halafu usukani. Usukani wa Hiace una maneno yake. Vidole viwili kulia, kimya. Vidole viwili kushoto, kimya. Dereva mzuri anaishi mle ndani ya kile kimya. Ile yenu ukiigusa tu, imekwenda. Gia ya pili hukuombwa. Mlango hauvuti. Tuta halikupigi mgongo."

"Lakini ile ni mpya, fundi. Ndivyo ilivyotoka kiwandani. Tena ni ya mizigo, ya mwaka 2016, si ya abiria."

Fundi akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Wewe ushapanda Hiace mpya?"

Nikafikiri. Nimeshika karatasi za Hiace kwa makumi. Sheria ya Kenya inataka gari kuukuu linaloingia lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo likishuka melini huwa limeshaishi maisha yake Japani. Limebeba samaki, limebeba mafundi bomba, limeegeshwa kwenye baridi tusiyoijua. Likifika huku linakatwa, linapigwa viti, linachorwa, linapewa jina, linaanza maisha ya pili. Sifuri kwenye kilomita sijawahi kuiona.

"Sijapanda," nikasema.

"Hata mimi. Nimezifungua zote, mpya sijaifungua." Akacheka. "Basi ile Hiace yenu ni ya ndotoni vile vile, kama ile ya leza ya kijana."

Nikasahau kumwambia habari ya breki.

## Shahidi wa kusikia

Hilo lilikuwa la kwanza kuniuma, na lilifuatwa na la pili ambalo ni baya zaidi.

Gran Turismo 7, tunayoicheza sasa, ina magari zaidi ya 400. Katika hayo yote, gari moja tu ndilo ambalo mtu wa chumba chetu analijua kwa mifupa yake. Na hilo moja ndilo lililoshikwa. Mengine yote yalikuwa yamepita, tena kwa ushahidi wangu mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia vijana kwamba Porsche 911 imetengenezwa vizuri, kwa sababu injini iko nyuma ya ekseli, na ukiachia mafuta katikati ya kona mkia unataka kukupita. Hayo ni kweli, yameandikwa kila mahali. Lakini nilikuwa nayasema kwa sauti ya mtu aliyewahi kupitwa na mkia huo. Nilikuwa natingisha kichwa, "Aah, hapa wamepatia," kama mpishi anayeonja mchuzi.

Gari la kifahari nililowahi kuendesha ni moja maishani. Nilikuwa nalitoa banda la forodha kulipeleka getini, mita kama mia tatu, gia ya kwanza, na afisa akitembea kwa miguu kando yangu. Yeye ndiye aliyetangulia kufika.

Kwa mahakama yoyote mimi ni shahidi wa kusikia.

Nilijitetea siku kadhaa. Nilijiambia kwamba uhalisia una ushahidi mwingine usionihusu mimi. Viwanja vingi kwenye gemu nyingine za mbio, Assetto Corsa na iRacing, vimepimwa kwa leza, bonde kwa tuta. (Ndiyo, leza ile ile niliyokuwa nikiicheka.) Kuna Lucas Ordóñez, Mhispania aliyeshinda shindano la Nissan na PlayStation mwaka 2008, akatolewa kwenye kochi akapelekwa kwenye mbio za kweli, na mwaka 2011 timu yake ikamaliza ya pili katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Jann Mardenborough akaja nyuma yake kwa njia hiyo hiyo. Gemu ingekuwa uongo mtupu, wale wangeishia ukutani kona ya kwanza.

Kwa hivyo uhalisia upo. Sikuwa nikitetea hewa. Nilichokuwa sina ni haki ya kuwa ndiye ninayeuthibitisha, na chumba kizima kilikuwa kikinisadiki kwa sababu tu nafanya kazi bandarini.

## Friji jeupe

Sasa nikiri kosa nililolianza nikiwa kijana.

Nilipokuwa nikicheza Gran Turismo 4 kwenye PlayStation 2, enzi za kadi ya kuhifadhia ambayo ikipotea umepotea nayo, kulikuwa na gari moja jeupe la mraba, nyuma limekatwa wima kama friji lililolazwa, na kwenye huo mgongo lina feni mbili. Feni! Nikawaambia wenzangu kwamba Wajapani wameweka mzaha. Tukawa tunalichagua ili tucheke, na mmoja wetu akiwa analiendesha sisi wengine tunamwambia aongeze feni maana chumbani kuna joto. Mzaha huo uliishi miaka. Wako watu wazima leo, wana watoto, ambao wanajua kwa hakika kwamba Chaparral 2J ni gari la katuni. Walijua kutoka kwangu.

Juzi, katika hasira ya kumtafutia fundi jibu, nikalisoma.

Ni gari la kweli. Lilitengenezwa Texas na Jim Hall na watu wake, likaingia mbio za Can-Am, za Amerika Kaskazini, mwaka 1970. Zile feni zilikuwa na injini yao pembeni, ndogo, ya aina inayotumika kwenye vyombo vya kukimbizia juu ya theluji. Kazi yake ilikuwa kunyonya hewa iliyo chini ya gari. Pembeni kulikuwa na sketi za plastiki zilizokaribia kugusa lami ili hewa ya nje isiingie. Gari la kawaida la mbio linategemea mwendo wa kasi ili upepo ulikandamize chini. Hili lilijikandamiza lenyewe hata kwenye kona ya polepole. Dereva bingwa Jackie Stewart alilikimbiza kwenye uwanja wa Watkins Glen. Mara nyingi lilikuwa likitangulia kwenye muda wa kupangia nafasi, kisha mbioni linaharibika, kwa hivyo halikushinda hata mbio moja. Msimu ulipokwisha likapigwa marufuku.

Miaka minane baadaye timu ya Brabham ikaleta gari la feni kwenye Formula 1. Dereva wao Niki Lauda akashinda nalo Anderstorp, Sweden, mwaka 1978. Likaondolewa baada ya mbio hiyo moja.

Nilisoma haya usiku, nimekaa kitandani, simu imebaki asilimia nne.

Gari lililokuwepo nililicheka miaka kumi na kitu kwa kuwa halifanani na gari. Hiace isiyokuwa Hiace niliipitisha kwa kuwa inafanana.

Na lile la leza la mpwa wangu, ambalo nimekataa kuligusa, ni mjukuu wa friji hilo. Jina lake peke yake lingetosha kuniambia, kama ningekuwa msikilizaji.

## Safari isiyokimbizwa

Hili nitalipita haraka kwa sababu linaniaibisha kwa namna nyingine.

Mwaka 2020 Safari Rally ilikuwa irudi kwenye Ubingwa wa Dunia, kwa mara ya kwanza tangu 2002. Korona ikaifuta. Lakini gemu ya ubingwa huo, WRC 9, ilikuwa imeshaandaliwa na Kenya ndani yake, ikatoka mwezi wa Septemba. Mashindano ya kweli yakaja Juni 2021, Naivasha.

Kwa hiyo kwa miezi tisa, Safari ya Ubingwa wa Dunia yenye magari ya kisasa ilikuwepo ndani ya gemu tu. Ilikuwa ni dhana. Mimi niliikimbiza usiku kucha, nikapakia picha zake kwenye kila kundi la simu, nikaandika, "Hii ndiyo Kenya yetu, kweli kabisa." Vumbi lake nililisifu kwa jina.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Vumbi la Naivasha nilijue wapi?

## Bado kuna yasiyonishuka

Msidhani nimesilimu. Nililijaribu hatimaye lile la leza, mpwa wangu amesimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani, na nimekuwa nikijaribu mengine tangu hapo. Kuna yanayonivutia na kuna ambayo nitayakataa hadi kiyama.

SRT Tomahawk X, kwa mfano. Injini ya V10 ya lita saba pamoja na mfumo wa hewa iliyogandamizwa, nguvu za farasi zaidi ya 2,500 kwa jumla, gari lenyewe halifiki kilo 800, na katika hadithi yake dereva huvaa suti kama ya rubani wa ndege za kivita ili damu isimkimbie kichwani. Sina ugomvi na suti. Ugomvi wangu ni kwamba ukiliingiza kwenye mbio, hakuna mbio. Ijumaa moja kijana mmoja alilichagua, sisi wengine tukiwa na magari ya kawaida, akatuzunguka mara mbili, kisha akaweka pedi chini akaenda kununua viazi karai. Alirudi bado anaongoza. Hakuna aliyemwomba marudio.

Na mengine hayana hata kosa hilo la ukali. Ni mazuri tu. Kampuni imechora ganda la kupendeza, imeliweka kwenye jukwaa la maonyesho, imelitia kwenye gemu, nawe unalinunua kwa pesa za gemu ulizozitokea jasho, ukiwa umelipia tangazo la mtu. Hata Bulgari, wauza vito na saa wa Italia, wana gari lao humo. Nililiendesha. Linakwenda. Sikumbuki lilivyokwenda.

Tofauti ninayoiona, na mpwa wangu haikubali, ni swali. Kwenye sehemu ya tano kulikuwa na Red Bull X2010, ambalo Adrian Newey, mchoraji wa magari ya Formula 1, alishiriki kulibuni. Swali lake lilikuwa wazi: tukizitupa kanuni zote za mbio, gari la kasi kuliko yote litakuwaje? Na jibu likaja na nini? Feni. Lile lililofukuzwa mlangoni mwaka 1970 na 1978 lilikaribishwa tena kwa dirishani. Gari kama hilo nalikubali hata kama halina chesisi namba, kwa kuwa ukilibishia unabishana na mtu aliyefikiri.

"Mjomba, na Supra?" mpwa wangu akaniuliza nilipomweleza haya.

"Supra imefanya nini?"

"FT-1. Toyota waliileta mwaka 2014, ya dhana. Ikaingia kwenye gemu. Mwaka 2019 Supra ikatoka, na sura ni ile ile imepunguzwa. Na Supra wewe waipenda."

Naipenda. Nilinyamaza. Halafu akaongeza neno ambalo nimelizungusha kichwani kuliko yote aliyosema:

"Ya leza haijidai, mjomba. Yenyewe yakwambia mapema kwamba haiko. Hiace ndiyo ilijidai."

Ana miaka kumi na minne. Nilimnunulia soda ili aache kuongea.

## Fundi anarudi

Ijumaa iliyopita fundi akarudi chumbani, bila mvua safari hii, kwa hiari yake. Ametoka kuoga, kucha bado nyeusi. Mpwa wangu hakumuuliza, akamwekea Chaparral 2X moja kwa moja.

Nilitarajia kicheko. Fundi hakucheka. Alizunguka raundi nne kimya, akagonga ukuta mara tatu, na kila akigonga gari likaendelea kama halikuguswa. "Huku kwenu mafundi wanakufa njaa," akasema. Kisha akaanza maswali. Bonneti inafungukia wapi? Huyu aliyelala kifudifudi, akikohoa? Tairi zikiisha zinatolewa kwa upande gani, maana yeye haoni pa kuingiza spana? Mpwa wangu akawa anajibu anachokijua na kubuni asichokijua. Fundi akasikiliza yote mawili kwa uzito ule ule, akatingisha kichwa, akasema aliyelichora hajawahi kulala chini ya gari, lakini si mjinga.

Kisha akaomba Hiace.

Akaikodolea macho tena pale mstarini, nyeupe, mpya, tupu. "Hii haiwezi kuharibiwa?"

Mpwa wangu hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikachukua pedi, nikaingia kwenye duka la vipuri la gemu. Tukanunua shokapu za kurekebisha, za bei ghali, fundi akaagiza tuzilegeze mpaka mwisho. "Unanunua shokapu mpya uziue," alisema, "hii ndiyo raha ya tajiri." Tukaweka tairi duni kuliko zote. Tukaona kuna mahali pa kuongeza uzito wa ziada, na unaweza kuchagua ukae mbele au nyuma. Fundi akasogea, magoti yakagusa skrini.

"Peleka nyuma. Yote nyuma. Ongeza."

Nikaongeza hadi ikagoma. Kilo mia mbili.

Akaichukua pedi, kwa kiganja kizima sasa. Akaondoka taratibu, akaikaribia kona ya kwanza, akashika breki mapema. Pua ikainama. Mkia ukachelewa kidogo, ukaja. Fundi akatoa sauti ndogo puani. Kona ya pili akaiachia iyumbe, akairudisha, ikayumba tena upande wa pili.

"Hao ni watu watatu," akasema, macho hayatoki kwenye skrini. "Bado kumi na mmoja, na makanga mlangoni."